Mlinzi Aliyechelewa Kusafiri

Katika tarehe ya kandanda ya nchi yetu mshambuliaji ndiye aliyetangulia kupanda ndege, na beki alibaki nyumbani muda mrefu. Na mtu atakaye kujua sababu ya jambo hilo, na sababu ya kugeuka kwake katika miaka hii ya karibuni, hana budi kutazama si viwanja vya Ulaya peke yake, bali pia mahali pasipo na wakala wala kamera, mahali kama Mgori, kata ya Wilaya ya Singida, upande wa mashariki wa mji, ambako uwele, mtama na alizeti hutamalaki mashamba wakati wa mvua, na mpira hupata nafasi yake baada ya mavuno. Kazi ya beki haianzi Chamazi wala Brussels. Huanza katika uwanja wa vumbi wa shule ya msingi, ambako mwalimu huwapanga watoto kwa kuwatazama miguu na maumbo: mwepesi hupelekwa mbele, na yule mrefu, mtulivu, asiyeogopa kugongwa, huambiwa akae nyuma, na aghalabu aliyeambiwa akae nyuma huipokea amri hiyo kwa moyo mzito, kwa kuwa ajua kwamba jioni, watakaporejea kijijini, jina litakalotajwa ni la aliyefunga.

Zama za redio zilizidisha uzito huo. Kwa miaka mingi watu wa mikoa ya kati waliwajua wachezaji wa Dar es Salaam kwa masikio, wakiwa wamelizunguka sanduku moja la sauti. Na mtangazaji, hata angekuwa hodari namna gani, huufuata mpira ulipo, ilhali sifa ya beki mwema ni kusimama mahali ambapo mpira bado haujafika, akaiziba njia kabla mpinzani hajaiona. Kazi hiyo haitangaziki. Beki alisikika redioni siku alipokosea, au siku alipomwangusha mtu katika eneo la hatari. Siku alipofanya kazi yake sawasawa, ukimya ndio uliokuwa ujira wake. Na sisi wasikilizaji tukamzoea hivyo, namba mbili na namba tatu wa pembeni, namba nne na namba tano wa kati, na yule mkoba aliyebaki nyuma ya wenzake wote, tukiwatambua kwa namba zaidi ya tulivyowatambua kwa majina.

Ithibati ya jambo hili imo katika kisa kinachosimuliwa kuliko vyote katika mpira wetu. Mwaka 1979 Taifa Stars ilikwenda Ndola kuchuana na Zambia, ikiwa na ushindi wa bao 1–0 ilioupata Dar es Salaam, na huko Ndola ikapata sare ya 1–1 iliyoifikisha katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 mjini Lagos, kwa mara ya kwanza katika maisha ya taifa. Peter Tino ndiye aliyefunga bao la Ndola, na jina lake limedumu midomoni mwa watu mpaka leo, na ni haki yake. Lakini msomaji na ajiulize: katika michezo miwili Zambia ilipata bao moja tu, je, waliolizuia la pili ni akina nani? Nahodha wa timu ile alikuwa beki, Jella Mtagwa, ambaye sura yake ilikuja kuonekana hata katika stempu ya posta. Na karibu naye alisimama Leodegar Tenga, ambaye baadaye, kutoka mwaka 2004 mpaka 2013, aliliongoza Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania. Watu wa kiwango hicho, lau wangalizaliwa miaka arobaini baadaye, wasingalikosa kutafutwa na klabu za ng'ambo.

Wao, hata hivyo, walicheza katika zama za ridhaa. Chama cha mpira cha Tanganyika kilikuwapo tangu mwaka 1930, kikaingia FIFA mwaka 1964. Ligi ya taifa ikaanza mwaka 1965. Baraza la Michezo la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Katika mpango huo mchezaji alikuwa kwanza mfanyakazi wa bandari, wa reli, wa kiwanda au wa shirika la umma, kisha ndipo akawa mchezaji. Alilipwa kwa kazi yake ya mchana na kupewa nauli na posho kwa kazi yake ya jioni, na heshima ya jezi ikahesabiwa kuwa malipo yaliyobaki. Siwezi kuzibeza zama hizo. Zilikuwa na staha, na zilifanya timu kutoka Morogoro, Mwanza, Songea na Tukuyu ziheshimike mbele ya wakubwa wa Dar es Salaam. Ila jambo moja zilikosa, nalo ni kumbukumbu iliyoandikwa: hapakuwa na mkataba wenye miaka na masharti, wala daftari la kuonyesha kijana fulani alifundishwa na nani, kutoka umri gani hadi umri gani.

Kwa mshambuliaji upungufu huo haukuwa na madhara makubwa, kwa sababu yeye hubeba ushahidi wake katika hesabu ya mabao. Ndivyo Sunday Manara alivyoweza, katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, kutoka Yanga kwenda Heracles ya Uholanzi, akafungua mlango wa Ulaya. Na ndivyo wengi wengine walivyovuka bahari katika miaka iliyofuata kwenda Oman na Falme za Kiarabu, ambako lugha yetu na udugu wa damu vilikuwa vimetangulia kabla ya mpira. Hata wakimbiaji wa nchi jirani na Mgori walikuwa na ushahidi wa namna hiyo: John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Mexico mwaka 1968, na Gidamis Shahanga wa Hanang akashinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978. Saa ya mkononi ilitosha kumwambia mtu wa ng'ambo thamani ya mkimbiaji. Beki hana saa wala hesabu. Ili mgeni amjue, sharti amtazame michezo mingi, katika siku njema na siku mbaya, mbele ya washambuliaji wa namna mbalimbali; na ili hayo yawezekane, sharti pawe na taasisi inayomlea, inayomtazama na inayoandika. Hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa kwake. Uhodari haukukosekana.

Jirani zetu walituonyesha mapema kwamba mlinzi wa Afrika Mashariki anaweza kuuzika. Ibrahim Sekagya wa Uganda alipita Argentina, akafika Salzburg ya Austria mwaka 2007 na kukaa huko miaka kadhaa, akamalizia New York. Joseph Okumu wa Kenya alitoka Chemelil, katika nchi ya miwa, akapitia Afrika Kusini, Marekani na Uswidi, akacheza Gent ya Ubelgiji na hatimaye Reims ya Ufaransa mwaka 2023. Ngazi baada ya ngazi, pasipo kuruka.

Kwetu jaribio la kwanza lililovuta macho ya watu lilikuwa la Shomari Kapombe, kijana wa Morogoro aliyeng'ara Simba, ambaye mwaka 2013 alikwenda AS Cannes ya Ufaransa. Jina la mji huo lilikuwa kubwa kuliko daraja la klabu, kwani wakati ule Cannes ilikuwa imeshuka mpaka ligi ya daraja la nne; na mwaka uliofuata Kapombe alirejea nchini kujiunga na Azam, akawa mmoja wa mabeki wa kulia waliodumu kuliko wote katika ligi yetu. Wapo waliouita mwisho huo kushindwa, nami siafikiani nao: kijana wa miaka ishirini na kitu aliyepelekwa daraja la nne katika nchi ya lugha ngeni hapaswi kulaumiwa kwa kurudi mahali ambapo thamani yake ilijulikana. Mwaka 2017 Abdi Banda, beki wa kati aliyetokea Coastal Union ya Tanga na kupitia Simba, alikwenda Baroka ya Limpopo, na baada yake Hassan Kessy akaenda Nkana ya Zambia. Safari hizo za Kusini hazikupigiwa tarumbeta, lakini ndizo zilizowafundisha mabeki wetu kwamba mkataba wa nje ni kazi ya kila siku.

Sasa tufike kwa kijana ambaye tarehe yake inaeleza mambo haya yote kwa pamoja. Novatus Dismas Miroshi alizaliwa Dar es Salaam tarehe 2 Septemba 2002, akalelewa katika kituo cha vijana cha Azam huko Chamazi, klabu iliyoanzishwa mwaka 2004 na iliyojenga uwanja, mabweni na timu za vijana wakati ambapo klabu zilizozaliwa miaka ya 1930 zilikuwa bado zinaazima viwanja vya mazoezi. Fauka ya hayo, kutoka mwaka 2013 televisheni ya Azam ilikuwa imeanza kuonyesha mechi za ligi kwa utaratibu ambao haukuwapo kabla, na kwa mara ya kwanza kazi ya beki wa Tanzania iliweza kutazamwa mara ya pili, na ya tatu, na mtu aliyekaa mbali. Novatus alipelekwa kwa mkopo Biashara United ya Musoma ili apate michezo. Akatimiza miaka 18 mwezi wa Septemba 2020. Na mwaka 2021 akaenda Maccabi Tel Aviv ya Israeli. Utaratibu wa tarehe hizo haukutokea kwa bahati, kwa maana kanuni za FIFA zinakataza, isipokuwa katika hali chache, mchezaji kuhama nchi kabla ya kutimiza miaka 18, na beki aliyepoteza miaka miwili ya kungoja pasipo michezo huwa amepoteza jambo kubwa.

Huko Israeli hakuwekwa mara moja katika kikosi kikubwa. Alikopeshwa Beitar Tel Aviv ya daraja la pili, akacheza, akajifunza kupigwa na baridi ya ugeni katika umri ambao wenzake wengi walikuwa bado kwa mama zao. Mwaka 2022 akahamia Zulte Waregem ya Ubelgiji, na mwisho wa msimu ule klabu ikashuka daraja. Kwa kijana mwingine hapo pangekuwa mwisho wa habari, kwa kuwa beki wa timu iliyoshuka hubebeshwa lawama za mabao yote. Lakini yeye alikuwa mchezaji kiraka, awezaye kucheza namba tatu, beki wa kati na kiungo mkabaji, na mtu wa namna hiyo hutafutwa na makocha waliopungukiwa na watu. Na katikati ya mwaka 2023 alichukuliwa kwa mkopo na Shakhtar Donetsk ya Ukraine.

Nataka kukaa kidogo juu ya msimu huo, kwa sababu sidhani kwamba Watanzania wengi walioushangilia walifahamu ulivyokuwa mgumu. Shakhtar ni klabu iliyotolewa mjini kwake na vita tangu mwaka 2014, na baada ya uvamizi wa Februari 2022 wachezaji wengi wa kigeni waliikimbia nchi, FIFA ikiwapa ruhusa ya kusimamisha mikataba yao. Anga ya Ukraine ilifungwa, hata safari ya mechi ya Ulaya ikawa huanza kwa njia ya nchi kavu mpaka Poland ndipo ndege ipandwe. Mechi za ligi zilisimamishwa king'ora kilipolia, wachezaji wakaingia mahandakini na kutoka tena kuumalizia mchezo. Mechi za nyumbani za Ligi ya Mabingwa zilichezwa Hamburg, katika nchi ya watu. Katika hali hiyo kijana wa miaka 21 kutoka Dar es Salaam alikubali kwenda mahali ambapo wengine walikuwa wameondoka, na akacheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, shindano ambalo kabla yake mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alilicheza akiwa na Genk mwaka 2019. Shakhtar iliwekwa kundi moja na Barcelona, Porto na Antwerp; tarehe 7 Novemba 2023 iliifunga Barcelona bao 1–0 mjini Hamburg; na msimu ulipokwisha ilikuwa bingwa wa Ukraine. Mwaka 2024 Novatus akahamia Göztepe ya Izmir, iliyokuwa imerejea katika ligi kuu ya Uturuki, na huko kazi yake ikazidi kuwa ya kiungo mkabaji.

Mwezi wa Januari 2024, katikati ya msimu wake wa Shakhtar, alikuwa Côte d'Ivoire na Taifa Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Tarehe 17, mjini San Pedro, mbele ya Morocco, alipewa kadi ya pili ya njano akatolewa, na mchezo ukaisha kwa mabao 3–0. Maneno yaliyosemwa juu yake nyumbani yalikuwa makali kupita kiasi. Beki hucheza mpakani mwa sheria, na mkabaji asiyewahi kuonywa aghalabu ni mkabaji asiyefika kwa wakati. Tuwe na insafu ya kulitambua hilo, hasa sisi ambao hatukumshukuru kwa majina siku alizozuia. Katika kikosi kile alikuwamo pia Haji Mnoga, beki aliyezaliwa mwaka 2002 Portsmouth, Uingereza, akalelewa na klabu ya mji huo, naye akaichagua nchi ya asili ya wazee wake: njia yake ilikuwa kinyume cha ya Novatus, na zote mbili zilikutana katika jezi moja.

Na Singida je? Mkoa huu haukukosa mpira wa ligi kuu. Singida United ilipanda mwaka 2017, ikafundishwa na kocha Hans van der Pluijm, mwaka 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Mtibwa Sugar mabao 3–2, na mwaka 2020 ikashuka. Singida Big Stars ikaingia mwaka 2022, ikamaliza nafasi ya nne, ikabadili jina kuwa Singida Fountain Gate, ikacheza Afrika, kisha mwaka 2024 ikahamia Babati. Na mwaka huo huo Ihefu ya Mbarali ililetwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Nilifurahi, kama kila mtu wa mkoa, kuona ligi ikichezwa Uwanja wa Liti, ambao wazee bado wanauita Namfua. Hata hivyo, klabu inayokuja na wachezaji wake na kuondoka na jina lake haimfundishi mtoto wa Mgori kukaba. Humpa hamu, na hamu ni kitu chema. Malezi ni kitu kingine.

Malezi yana thamani inayohesabika, na hapa ndipo napenda watu wa vijijini wasome kwa makini. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka klabu moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, na uhamisho huo ukivuka mipaka ya nchi, asilimia 5 ya fedha hizo hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea kutoka umri wa miaka 12 mpaka 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya bei, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu ya asilimia moja. Maana yake, kijana akiuzwa kwa yuro 1,000,000, timu iliyomlea misimu minne ya mwanzo ina haki ya yuro 10,000, na haki hiyo hurudi kila anapouzwa tena kwa namna hiyo. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu Paris ya kuzigawa fedha hizo. Lakini haigawi kwa kusikia. Hugawa kwa kufuata kumbukumbu za usajili wa mchezaji, na timu ambayo haikusajiliwa katika chama chake, au isiyomwandika mtoto wake, haihesabiwi, hata kama kijiji kizima kitaapa kwamba mtoto alicheza hapo akiwa peku.

Jambo hili la haki kutambuliwa kwa maandishi si geni kwa watu wa Mgori. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msitu mkubwa unaoitwa kwa jina hilo, wenye takriban hekta 44,000, ulikusudiwa kuwa hifadhi ya serikali. Na ilipofika mwaka 1995 vijiji vitano vinavyouzunguka vilikuwa vimekabidhiwa kuutunza vyenyewe, kila kijiji sehemu yake. Vijiji vilipima mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikaweka walinzi vijana kutoka miongoni mwao, na watu wa vyuo wa nchi nyingi wameandika juu ya mfano huo. Waliopewa msitu walikuwa wameuishi tangu mababu, lakini kilichoufanya uwe wao mbele ya sheria ni mpaka uliochorwa na kitabu kilichoandikwa. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye kipaji cha kuzuia: wanaomjua wanamjua, na haitoshi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wakuu wa shule za Mgori, kwa viongozi wa kata na kwa chama cha mpira cha mkoa wa Singida. Isajilini walau timu moja ya vijana ya kata hii, ipate namba yake katika mfumo wa shirikisho. Mtoto atimizapo miaka 12, aandikwe jina, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, nafasi anayocheza na msimu aliocheza. Na daftari hilo litunzwe ofisini, lisikae kwa kocha anayeweza kuhama. Mwandikeni na yule anayekaa nyuma. Msimu wa kuanza ni huu, baada ya mavuno.